Jeli ya maumivu ya kuchanganywa hapa Malindi: ghali, yachelewa, na sihami

Nianze na bei maana najua ndiyo mtauliza. Tyubu ya gramu 100 ni shilingi 550, kopo la gramu 250 ni 1,200, na ukenda na kopo lako la nyumbani hawakujazii hata ubembeleze vipi. Ghali? Ghali, sikatai, kuna zile jeli za kuletwa zimejaa kaunta za maduka ya dawa hapa mjini unapata kwa nusu ya hiyo. Lakini mimi kazi yangu ni kukanda watu, nakanda mabibi harusi, nakanda vijana wa mpira, wazee wa magoti, wavuvi wa migongo, na msimu wa wageni ukifika nakanda Wataliano wa mahotelini, jeli iko mikononi mwangu kutwa, kwa hiyo ikiwa na donge hata dogo mimi ndo wa kwanza kulijua, na ikiwa laini pia najua, na hii ni laini.

Duka liko upande wa mji wa kale, si mbali na ule Msikiti wa Juma wenye kaburi la mnara. Kwa nje ni duka la dawa tu la kawaida, cheti cha bodi ya dawa na sumu ukutani, friji, mizani, kalenda ya mwaka juzi. Kilichonivuta kiko nyuma ya kaunta, kuna chumba kidogo cha maabara chenye dirisha la kioo na ukisimama pembeni unaona kila kinachofanyika. Mwenye duka ni mfamasia mtu mzima, sote twamwita dokta, na ana binti mmoja aliyesomea ufundi wa dawa ndiye anayechanganya siku nyingi. Jina la duka silitaji, dokta mwenyewe hataki, asema foleni iliyopo yamtosha, na mimi kwa ubinafsi wangu pia sitaki iongezeke hahaha.

Kilichomo ndani, lebo yasema methili salisileti, mentholi, spiriti (yaani alkoholi) karibu asilimia 60, maji safi, glisirini kidogo, kabomeri na trayethanolamini. Methili salisileti ndiyo ile harufu ya dawa ya misuli mnayoijua nyote, mentholi ndiyo ile baridi inayopanda. Sasa hivi viwili havipatani na maji. Mentholi ni chembe za kung'aa, ukizitia kwenye maji zinakaa hapo zikikutazama, ukizitia kwenye spiriti zinapotea mara moja. Ndo maana spiriti ni nyingi hivyo, si kwa kuua vijidudu wala si kwa baridi peke yake, ni kwamba bila hiyo dawa haina pa kukaa. Ukitaka kuona kwa macho yako chukua jeli kidogo utie kwenye glasi ya maji uikoroge, maji yanageuka meupe papo hapo, ile ni dawa imetolewa kwenye spiriti yake haina pa kwenda.

Na kwa hali ya hewa yetu spiriti ina faida nyingine. Marhamu ya mafuta wakati wa kaskazi, Januari Februari ile, yayeyuka ndani ya mkoba, yashika kanga, yashika shuka, mteja akiinuka kitandani kateleza. Hii yakauka, mtu avaa nguo zake aenda zake, shuka langu halina doa. Kwa mkandaji anayefua mwenyewe hilo peke yake lina thamani ya shilingi 550.

Lakini nataka niseme kuhusu ulaini maana hapo ndo pesa yako inapokwenda.

Kabla ya hapa nilikuwa nanunua kwa mtu mwingine, simtaji, naye pia ni wa kuchanganya mwenyewe. Jeli yake ilikuwa na madonge, madogo madogo ya kuteleza, ukilibana moja kwa kucha lapasuka na ndani mna unga mkavu kabisa. Nikimuuliza asema "dada hiyo ni dawa imekolea." Imekolea wapi. Na juu ya kopo mafuta yamejitenga yamekaa duara duara. Siku moja nimempaka kijana wa mpira mapaja yote mawili, jeli ileile kopo lilelile, paja moja akaruka ngozi ikamwiva nyekundu na la pili wala hasikii chochote. Yaani upande mmoja umepata dawa ya watu wawili na upande wa pili umepata maji mazito. Watu wadhani ulaini ni urembo, ni mambo ya vipodozi, kumbe dawa isiyokuwa laini haina kipimo, lebo yaweza kuandika asilimia yoyote itakayo, kwenye kiganja changu hakuna asilimia hapo ni bahati nasibu.

Nilipokuja kwa dokta nikamsimulia hii habari akacheka, akaniambia njoo simama hapa kwenye kioo uone wenyewe wanafanyaje. Nimesimama pale mara nyingi tangu hapo, nikisubiri oda yangu, kwa hivyo ninachowaeleza nimekiona.

Kabomeri ndiyo inayofanya jeli iwe jeli. Ni unga mweupe mwepesi ajabu, mtu akipiga chafya umeruka wote. Kwa gramu 100 za jeli wanatia kati ya nusu gramu na gramu 2 tu, basi, hicho kidogo ndicho kinachoshika kila kitu. Wakiupima wanazima feni. Jamani, kuzima feni Malindi mwezi wa pili! Binti yuko mle ndani kavaa barakoa na glavu jasho lamtiririka na wala hathubutu kuiwasha, maana upepo kidogo tu mizani yasema uongo na unga umemwingia puani. Na mkebe wa unga ukifunguliwa unafungwa hapohapo kwa sababu unavuta unyevu wa hewa, na hapa kwetu unyevu ni mwaka mzima.

Kila aliyewahi kupika uji ajua, ukimwaga unga wote kwa mpigo, wa nje unaiva unajifunga na wa ndani unabaki mkavu. Kabomeri ndo hivyohivyo ila yenyewe ni mbaya zaidi, donge la uji utalivunja kwa mwiko, la kabomeri utakoroga hadi magharibi na liko palepale linakuangalia. Kwa hiyo binti anaupitisha unga kwenye chekeche kwanza, halafu maji yanazunguka kwenye bika, ile glasi ya maabara, na yeye ananyunyiza pembeni mwa lile zunguko, kidogo, anangoja, kidogo, anangoja. Kuna siku nimemsalimia masalkheri hakuitika, baadaye akatoka akaniambia "samahani shangazi, nikinyunyiza siwezi kuongea." Wakati mwingine wanaulowesha unga na glisirini kwanza ndo watie maji, hiyo pia yasaidia usigande.

Ukishaisha kunyunyizwa hapo bado ni maji ya ukungu tu, hayana uzito wowote, na yana ukali wa asidi, karatasi ya pH, ile ya kupimia asidi, inaonyesha kama 3. Na hapo ndipo wanapoacha. Wanafunika bika na kitu kinalala mpaka kesho. Hii ndiyo sababu ukiagiza leo hupati leo, na ndiyo watu wengi wanaokasirika kaunta hawaijui. Kuacha kwake kuna kazi mbili. Moja, unga unakunywa maji taratibu mpaka katikati. Pili, povu na hewa iliyoingia wakati wa kukoroga inapanda juu na kutoka, kwa vile bado ni jimaji jepesi haina cha kuizuia. Ukiharakisha ukaifanya nzito siku hiyohiyo, vile viputo vinabaki humohumo ndani milele, na ukipima kijiko unapima hewa.

Kesho yake mentholi na methili salisileti zinayeyushwa kwenye spiriti pembeni mpaka iwe angavu kabisa, ndipo inamiminwa kwenye ile ya jana polepole. Hapo dokta mwenyewe husimama karibu. Anapima kwa uzito, hapimi kwa ujazo, na sababu yake mimi ilinishangaza sana, eti ukichukua nusu lita ya spiriti na nusu lita ya maji ukachanganya hupati lita, inapungua mililita 30 na kitu, na bika linapata joto pia. Kwa hivyo anayepima kwa jagi akishachanganya ajua ana lita na hana, na hesabu yote ya dawa imeshakwenda upande.

Halafu ndo ile sehemu naipenda kuitazama. Trayethanolamini, tone, tone, tone. Hiyo ni dawa ya kupunguza ule ukali wa asidi, na dokta alivyonieleza ni kwamba kabomeri ni nyuzi ndefu zimejikunja, asidi ikipungua zile nyuzi zinaanza kusukumana zinajikunjua na kushika maji na spiriti yote iliyo katikati yao. Unaona kwa macho. Dakika hii ni maji, matone machache tu baadaye kijiti cha kukorogea kimesimama. Na imekuwa angavu, ule ukungu umekwisha. Kuanzia hapo hakuna kukoroga kwa nguvu, anaipindua tu pole kwa mkono na upawa wa plastiki, kwa sababu mashine ya kasi inazikata nyuzi na zikishakatika jeli inalegea na hairudi tena hata uongeze nini. Yule muuzaji wangu wa zamani alikuwa anatumia blenda ya juisi. Blenda ya juisi wallahi, nimeiona kwa macho yangu.

Nikauliza kwani mbona badala ya trayethanolamini wasitumie soda kastiki si ni rahisi zaidi na inapatikana. Dokta akasema kwenye jeli ya maji mengi sawa hakuna neno, lakini spiriti ikishakuwa nyingi ile soda haifai, jeli inajikata inatoa madonge, na hata hii trayethanolamini ina mwisho wake, spiriti ikipita kama asilimia 60 yabidi atafute kitu kingine. Kwa hivyo anayekuambia ana jeli ya kabomeri ya spiriti asilimia 80 na kaifanya kwa soda kastiki, msikilize kwa adabu halafu uondoke.

Mwisho anapaka kidogo kati ya vioo viwili anavibana anainua kwenye mwanga. Ikiwa kuna chembe yoyote inaonekana. Nimewahi kuona kundi zima linawekwa pembeni haliuzwi, mwenye oda akanuna akaambiwa arudi kesho kutwa. Hapo ndipo nilipojua duka hili ni langu.

Chumvi sasa. Hii nataka watu wa pwani waisikie maana hakuna lebo ya ng'ambo itakayokuambia. Jeli ya kabomeri na chumvi ni maadui. Maji ya visima vyetu vingi vya mji wa kale yana chumvi, ukichanganya na hayo huipati jeli ya maana, ndo maana dokta hutumia maji yaliyosafishwa ya kununua ingawa maji ya Baricho yafika bombani kwake. Na hiyo hiyo chumvi iko kwenye ngozi. Mgeni akitoka kuogelea ufuo wa Silversands na chumvi imemkaukia mgongoni, ukimpaka jeli inageuka maji hapohapo inatiririka mbavuni, ataona dawa mbovu na wewe mkandaji mbovu. Wavuvi vilevile. Mimi siku hizi mtu hapakwi kabla hajajimwagia maji yasiyo na chumvi na kujikausha. Jasho pia lina chumvi ila hilo kidogo lasaidia, jeli ikigusa ngozi yenye jasho jepesi yalainika na kuenea vizuri, ndiyo maana yapakika kirahisi kuliko zile nzito za kuvutika.

Moto. Wakandaji wenzangu tafadhali. Sote twafukiza, hakuna chumba cha kukandia bi harusi kisichokuwa na chetezo na udi. Spiriti ya kiwango hiki inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 20 na kitu, na hapa kwetu usiku wa baridi kabisa wa kusi haufiki chini ya hapo kwa wingi, kwa hiyo mvuke uko muda wote. Chetezo kitoke nje ya chumba mpaka ngozi ikauke kabisa, na mishumaa ile wageni wanayoipenda pia. Na usije ukasema ah mimi pia naweza kutengeneza jikoni kwangu kwa vile nimeeleza hapa, jiko la gesi na lita ya spiriti kwenye chumba kimoja sikushauri hata kidogo.

Mengine ambayo dokta huyasema kwa kila mnunuzi na mimi nayarudia kwa wateja: isipakwe kwenye kidonda wala ngozi iliyotoka kunyolewa, isifungwe bandeji juu wala kuwekwa chupa ya maji moto, anayedhurika na asprini asiitumie kwani methili salisileti ni ndugu wa asprini, anayekunywa warfarini ya kuzuia damu kuganda aulize daktari wake kwanza, mjamzito pia aulize. Na watoto. Methili salisileti yenyewe ikiwa tupu kijiko kimoja cha chai chaweza kuua mtoto mdogo, jeli ina kidogo ndani lakini kopo likae juu, lina harufu ya peremende na mtoto hajui.

Swali la spiriti na dini huulizwa kila siku pale kaunta, na nampenda dokta kwa vile hajifanyi sheikh. Anakwambia kilichomo, spiriti aina gani na kiasi gani, na kwamba ni ya kupakwa nje tu, halafu asema muulize unayemwamini katika dini yako. Mamangu aliuliza wake akaridhika akapaka magoti, jirani yetu aliuliza wake akaamua aache, wote wawili salama na twala iftari pamoja. Swali jingine zuri aliuliza mzee mmoja nikiwa hapo, je ikikauka inaacha utando unaozuia maji ya udhu? Binti akampaka mkononi ikakauka akamwagia maji ikatoka yote mbele ya macho yake. Mzee akanunua mbili.

Wana bidhaa nyingine nitapita haraka. Jeli ya asidi ya salisiliki ya magaga ya miguu na sugu, hiyo mamangu aipenda, haitengenezwi kwa kabomeri kwa kuwa trayethanolamini ingeila ile asidi yenyewe, wanatumia unga mwingine wa selulosi unaoyeyuka ndani ya spiriti yenyewe na nao pia walala usiku kucha. Asidi hiyo kwenye maji haiyeyuki ila gramu 2 hivi kwa lita, bila spiriti hamna kitu. Mwenye kisukari asiipake miguuni, na hapo dokta mkali, akijua una sukari hakuuzii anakwambia nenda kliniki ya miguu. Sanitaiza pia wanayo, ni ya maji maji si jeli, wanafuata fomula ya WHO ya ethanoli asilimia 80 na glisirini na haidrojeni peroksaidi, na chupa zinakaa saa 72 kabla ya kuuzwa. Mnakumbuka 2020 zile sanitaiza za kunata mikononi za kuacha madoa meupe? Kabomeri iliadimika dunia nzima mwaka ule kila mtu akatia alichokipata. Mimi ya jeli sina haja nayo tena.

Haya malalamiko yangu maana si kwamba nimelipwa kuwasifu.

La kwanza lebo. Duka linatengeneza jeli ya spiriti halafu lebo inachapwa kwa wino unaofutwa na spiriti! Baada ya wiki mbili za kushikwa na mikono yenye jeli, tarehe ya kutengenezwa imepotea, tarehe ya kutupa imepotea, namba ya kundi imebaki nusu. Nimewaambia. Wamesema watabandika selotepu juu. Bado nasubiri hiyo selotepu. Kwa sasa mimi naandika tarehe kwa peni ya alama chini ya kopo, na yenyewe pia yafutika lakini chini haishikwi sana.

La pili simu. Hawapokei. Utapiga utachoka, lazima ufike mwenyewe au utume mtu, na ukituma mtu wa tuktuk atarudi na jibu nusu.

La tatu vifuniko vya yale makopo ya gramu 250. Vinaziba ndiyo lakini si sana, na spiriti haihitaji tundu kubwa, jeli ya juu inakauka inafanya ngozi na kopo linapungua bila kutumiwa. Tyubu hazina shida hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu ni nunua tyubu hata kama kwa gramu ni ghali zaidi, isipokuwa unamaliza kopo haraka kama mimi wakati wa msimu. Tyubu pia vidole haviingii ndani. Spiriti ikishapita asilimia 20 hivi jeli yajihifadhi yenyewe haiozi, lakini mchanga na mafuta ya nazi ya mikononi mwako hakuna spiriti itakayoyatoa.

Na kwa nini hawajazi kopo la mteja? Mama mmoja alileta kopo lililokuwa na achari ya ndimu, kaliosha vizuri kweli lanukia sabuni, dokta akaligeuza akaonyesha chumvi nyeupe kwenye nyuzi za kifuniko. Basi. Tangu hapo ni makopo yao tu. Naona ni haki ingawa yule mama alitoka akisonya.

Stima ikikatika pia ujue oda yako imesogea. Mashine ya kukorogea inasimama na hawakubali kumalizia kwa mkono kwenye ile hatua ya kunyunyiza, wanamwaga wanaanza upya. Mwaka huu imenitokea na bi harusi alikuwa kesho yake, ikabidi nitumie mafuta ya nazi na karafuu, harusi ikafanyika.

Na harufu. Kuna wateja hawaipendi kabisa, hasa wageni, wasema yanuka hospitali. Dokta ana ya mentholi peke yake bila methili salisileti kwa watu hao, ni nyepesi zaidi kwa maumivu kusema kweli lakini kwa miguu iliyochoka ya mtu aliyezunguka magofu ya Gede kutwa inatosha. Mtaliano mmoja mteja wangu wa kila mwaka alibeba tyubu za hii kwenda nazo kwao, sijui uwanja wa ndege walimwambiaje.

Ukiniuliza nyota nampa nne kati ya tano, ile ya tano iko kwenye hiyo selotepu.

Wenzetu wa Lamu mnaouliza kama yatumwa: ndiyo ila kwa njia ya barabara tu, wanaifunga tyubu kwenye mfuko wa plastiki na kuisimamisha ndani ya boksi, inapanda basi la Mokowe na kule unatuma mtu aipokee avuke nayo kwa boti. Kwa ndege hawatumi, ni kitu cha kushika moto na dokta hataki maneno. Kopo kubwa msikubali, ombeni tyubu, boksi la makopo likikaa juani pale gatini wakati wa kungoja boti mtapokea kopo nusu. Oda ziingizwe kabla ya Jumatano, Ijumaa wanafunga kuanzia saa sita mchana na Jumamosi wanauza tu hawachanganyi, malipo kwa Mpesa kabla hawajaanza kupima.